Mume anapopiga wakati wa maafa: maswali mnayotuuliza kila mara, Unguja na Pemba

Maswali haya huwa tunaulizwa zaidi masika yakikaribia, kwenye vikao vya shehia, kwenye voisi za WhatsApp za usiku, na sana sana pale kikao kikisha kuvunjika mtu anakuvuta pembeni anakwambia "dada, lakini mimi yangu tofauti kidogo". Tumeyapanga kuanzia yale mepesi mpaka yale magumu, na pale jibu lilipo kwenye swali jengine tumeandika namba. Kama saa hizi uko kwenye hatari usisome yote, nenda moja kwa moja swali la 12, na kama umekabwa shingo nenda la 14.

## Mambo ya kuanzia

1. Mnaposema ukatili wa mume mnamaanisha kupigwa tu?

Hapana. Kupigwa ndo kunaonekana kwa vile kunaacha alama, lakini kuna kulazimishwa kitandani, kuna kutishwa na kutukanwa kila siku, kufungiwa ndani, kunyang'anywa simu, kuchukuliwa pesa yako ya mwani au ya cherehani, kunyimwa matumizi makusudi ili upige magoti. Na tunapotaja mume tunamtia na mchumba, na mpenzi, na mtalaka pia, mana wengi wanaumizwa pale pale wanapotaka kuondoka au wakishaondoka.

Shirika la Afya Duniani, kwa makadirio ya mwaka 2018, linasema katika kila wanawake 100 wa miaka 15 mpaka 49 waliowahi kuwa na mume au mpenzi, kiasi cha 27 washapigwa au washalazimishwa naye. Hiyo ni dunia ya kila siku, bado hatujaongeza mafuriko juu yake.

2. Zanzibar hatuna vita wala kambi za wakimbizi, maafa gani mnayosema?

Watu wa mjini wanajua Mwanakwerekwe inakuwaje mvua za Machi mpaka Mei zikichachamaa, nyumba zinaingia maji mpaka dirishani na familia zinahamishiwa skuli. Kipindupindu tumekiona zaidi ya mara moja. Unguja ilikaa bila umeme karibu mwezi mzima 2008, halafu tena kuanzia Disemba 2009 mpaka Machi 2010, na wenye friji za samaki na vijisaluni wanakumbuka walivyokwama. 2020 corona ilifunga mahoteli, maelfu wakarudi nyumbani mikono mitupu. Meli ya MV Spice Islander ilizama usiku wa kuamkia 10 Septemba 2011 ikielekea Pemba, na kuna nyumba mpaka leo hazijakaa sawa. Na Wapemba hawahitaji kuambiwa ukimbizi ni nini, Januari 2001 watu zaidi ya 2,000 walikimbilia Shimoni, Kenya.

Kwa hiyo tunayo. Yanakuja kwa sura tofauti tu.

3. Kwa hiyo mafuriko ndo yanamfanya mwanamme apige?

Hili ndo swali tunaloulizwa kuliko yote na ndo tunaloomba mtu alisome mpaka mwisho.

Mafuriko hayampigi mwanamke. Mtaa mzima umepoteza magodoro, wanaume wote wamelala kwenye sakafu ya darasa moja, unga ule ule, mbu wale wale, na wengi wao hawakunyanyua mkono. Na huyo aliyepiga akasema alipandwa na hasira, mbona hasira hazikumpanda mbele ya sheha, mbele ya askari, mbele ya yule anayegawa mchele? Kazizuia mpaka akamfikia mkewe. Kupiga mtu anaamua.

Kinachobadilika wakati wa maafa ni njia za mwanamke kutokea. Siku za kawaida akiona mume karudi vibaya anajua afanye nini, anavuka uani kwenda kwa jirani kuomba chumvi na harudi mpaka kumepoa, au anampigia kaka yake, au ana vijisenti vya mwani vya kupandia gari mpaka kwa mama. Maji yakija jirani kahamishwa, nyumba ya mama imezama, mwani umechukuliwa, simu haina chaji na njia imekatika. Njia zote zimefungwa siku moja, na aliyekuwa anapigwa mara moja kwa mwezi sasa yumo chumba kimoja na mpigaji usiku na mchana. Na mume naye anajua kwamba hakuna wa kumuuliza.

Ndo mana sisi kila tukisema kinga tunamaanisha mambo mawili tu: kuzuia zile njia zisifungike zote kwa pamoja, na kukaa na wanaume kabla ya maji hayajaja.

4. Hajawahi kunigusa, kaanza tangu hoteli ilipomfukuza. Akipata kazi si ataacha?

Anaweza kuacha, na anaweza asiache. Tumeona wote. Akishajua kwamba kofi linakunyamazisha anaweza kulitumia hata akiwa na mshahara. Usingoje ajira ndo uanze kujilinda, fanya ya swali la 6 leo, hata kama unampenda, hata kama unamuonea huruma, huruma na tahadhari zinakaa pamoja. Na umpime kwa anayoyafanya: je anakubali kukaa na mtu mzima anayemheshimu akaambiwa ukweli? Je anakulaumu wewe kwa kofi alilopiga yeye? Kipigo kinazidi au kinapungua?

5. Si ni siri ya ndoa? Na dini inasemaje?

Stara ya ndoa ni kutotangaza aibu za mwenzio, haikuwekwa ili mtu avunjwe mbavu akae kimya. Bibi Aisha radhi za Mungu ziwe juu yake kapokea kwamba Mtume hakuwahi kumpiga mwanamke wala mtumishi kwa mkono wake. Wale wanaopenda kuitaja aya ya 34 ya Suratun Nisaa, ile inayotaja kumpiga mke, wanazuoni waliosema ni ruhusa wenyewe waliifunga kwa masharti, isiwe usoni, isiumize, isiache alama, na wengi wakasema kuacha ndo bora. Sasa huyo aliyemtoa mtu jino anafuata lipi hapo? Na sheria za nchi kumjeruhi mtu ni kosa, cheti cha ndoa hakimsafishi.

Tunawaomba maimamu, na tunawaomba kwa heshima, hili lisemwe kwenye khutba mwezi wa Februari, sio baada ya kuzikwa mtu.

## Kabla mvua hazijaanza

6. Nijitayarishe vipi bila ya yeye kujua?

Karatasi kwanza. Kitambulisho cha Mzanzibari, cheti cha ndoa, vyeti vya kuzaliwa vya watoto, kadi za kliniki, karatasi ya kiwanja kama ipo. Zipige picha kisha mtumie dada au shoga unayemuamini, na nakala zake ziweke nyumba nyengine kwenye mfuko usioingia maji. Ukiulizwa, jibu lipo na ni la kweli, unaogopa mafuriko.

Halafu chagua nyumba mbili za kukimbilia, sio moja, na moja iwe juu kusikofika maji, mana ile ya kwanza inaweza kuzama siku hiyo hiyo. Zungumza na wenyewe mapema. Mpange neno la siri ambalo ukilituma au ukimtuma mtoto kulisema, kwa mfano "mama anauliza ile kawa yake", wao wanajua waje au wakutumie bodaboda. Namba tatu muhimu zikariri kichwani, simu inaweza kuchukuliwa. Kiakiba kidogo kikae kwa mtu, au kwenye kikoba, kisiwe kwenye simu anayoijua yeye namba ya siri.

Jengine, angalia ugomvi unapoanza usiwe jikoni wala chooni, penye visu na pasipo mlango wa pili. Watoto wafundishwe kukimbia kuita mtu, wasiingie kati.

Ujumbe wa vitisho usiufute tu, mtumie kwanza mtu wako kisha ufute.

7. Mimi ni jirani, nasikia kila usiku. Niingilie?

Ingilia, lakini usiende peke yako na usiende kupigana. Piga hodi na watu wawili watatu kwa kisingizio chochote, mnaomba tochi, mnaulizia maji yamefika wapi. Mara nyingi kule kugongwa mlango tu kunamkata. Ukisikia anaomba msaada au kuna silaha piga 112 polisi. Kesho yake mtafute yule mwanamke akiwa peke yake, umwambie nimesikia, nipo, mlango wangu uko wazi. Usimwambie "ningekuwa mimi ningeondoka zamani".

8. Wanaume wanabadilika kweli au ni semina tu za kula posho?

Semina ya siku moja haibadilishi mtu, tunakubali. Lakini kuna yaliyofanyiwa utafiti yakaonekana. Kampala nchini Uganda, shirika la Raising Voices lilikuja na mpango wa SASA!, watu wa mtaa wenyewe, mafundi, wauza duka, mapolisi, viongozi wa dini, wakawa wanazungumza na wenzao juu ya nguvu na matumizi yake miaka kadhaa mfululizo. Utafiti uliotoka 2014 ulikuta mitaa iliyokuwa na mpango huo ukatili wa kupigwa ndani ya mwaka ulikuwa chini kwa kiasi cha 52% kuliko mitaa isiyokuwa nao. Hapa hapa Tanzania, Mwanza, wanawake wa vikundi vya mikopo walipewa vikao 10 vya mafunzo ya mahusiano, na waliopata walipigwa kidogo kuliko wenzao. Kodivaa baada ya vita walichanganya vikoba na mazungumzo ya mke na mume, na wanandoa waliohudhuria vikao vingi ndo waliofaidika.

Ukiangalia yote hayo utaona ni kazi ya muda mrefu inayofanywa na watu wanaojuana. Kwetu hilo tunalo, tuna mabaraza, tuna vijiwe vya kahawa, tuna maskani, tuna madiko. Mzee mmoja wa diko anayesikilizwa akisema mbele ya vijana "kumpiga mke si uanaume" anafika mahali ambapo bango halifiki. Tatizo tunaanza wakati maji yashaingia.

## Kambini na kwenye nyumba za watu

9. Skuli ikigeuzwa makaazi ya waliohamishwa, kipangwe nini?

Hapa masheha, walimu wakuu na watu wa Kamisheni ya Kukabiliana na Maafa mtusikilize tafadhali, mana haya yanataka kufikiriwa wiki mbili kabla, usiku wa mvua hakuna anayefikiri.

Vyoo. Viwango vya kimataifa vya Sphere vinataka choo 1 kwa watu 20, vya wanawake viwe vitatu kwa kila kimoja cha wanaume, komeo iwe kwa ndani na taa iwepo njiani. Nafasi ya kulala mita 3.5 za mraba kwa mtu. Maji lita 15 kwa mtu kwa siku na bomba lisiwe mbali kupita mita 500. Watu wanaona haya ni mambo ya mainjinia, lakini mwanamke asiyeweza kwenda chooni bila kusindikizwa na mumewe hana hata dakika tano za kumwambia mtu shida yake, na mume asiyetaka atoke ndo anachotaka hicho.

Kisha darasa moja liwe la wanawake na watoto tu, la kukaa mchana, kushona, kunyonyesha, kuchaji simu. Lisiandikwe mlangoni "chumba cha waliopigwa", utakuwa umelifunga mwenyewe. Lipeni jina la kawaida na mtieni mwanamke mtu mzima anayejua kusikiliza na kufunga mdomo. Na orodha ya familia isiwaweke lazima mke na mume chumba kimoja, pawe na pa kumpeleka anayesema kwa sauti ndogo "mimi naomba nilale na dada".

Kamati ya kambi iwe na wanawake, zaidi ya mmoja. Mmoja atanyamazishwa.

10. Msaada wa pesa na chakula uandikwe jina la nani? Wengine wanasema ukimpa mke ndo unamtafutia kipigo.

Khofu hiyo ina msingi lakini isitufanye tumnyime. Uchambuzi uliochapishwa 2018 uliokusanya tafiti za pesa za msaada nchi mbali mbali ulikuta tafiti 11 kati ya 14 za takwimu zinaonesha ukatili wa mume ulipungua, sababu mojawapo ni kwamba ugomvi wa matumizi nyumbani unapungua. Kwa hiyo ndio, aandikwe mwanamke, kama wengi wanavyopokea pesa za TASAF, mfuko wa serikali wa kusaidia kaya maskini, lakini mume aelezwe mapema pesa hii ni ya nini, isije ikaonekana ni siri. Kwa nyumba za wake wengi kila mke aandikwe kadi yake, sio kadi moja ya bwana akagawe atakavyo. Na kila mmoja aulizwe peke yake: ukipokea wewe kutakuwa na tabu? Akisema ipo, apokee kidogo kidogo, au vitu badala ya pesa.

11. Hatukwenda kambini, tumehamia kwa mavyaa. Hapa si salama zaidi?

Inategemea mavyaa. Kuna wanaosimama mbele ya mtoto wao wakamwambia hapa kwangu hupigi mtu, na Mungu awalipe. Kuna wanaosema vumilia, hata sisi tulipigwa. Kabla ya kuhamia, kama unaweza kuchagua, chagua nyumba yenye mtu mmoja anayemwonea haya mumeo. Kama huwezi, rudi swali la 6, kila kitu pale kinafanya kazi hata ugenini.

## Ikishatokea

12. Kanipiga. Niende wapi?

Toka kwanza pale ulipo, hayo mengine baadae. Kisha nenda Kituo cha Mkono kwa Mkono, kipo Mnazi Mmoja kwa watu wa mjini na Pemba kipo hospitali ya Chake Chake, na hospitali nyengine za wilaya pia. Uzuri wake daktari, polisi na mshauri unawakuta hapo hapo, huzungushwi. Ukiwa mbali na kituo nenda polisi uombe Dawati la Jinsia na Watoto, watakupa PF3, ile fomu ya polisi ya kupelekea hospitali. Umeumia sana? Nenda hospitali yoyote kwanza, PF3 itafuata. Mtoto akiumizwa au anashuhudia kila siku, 116 ni bure. Msaada wa kisheria wapo ZAFELA, wanasheria wanawake, na Kituo cha Huduma za Sheria.

Usiogope kwenda kwa vile umechelewa wiki. Nenda tu.

13. Kanilazimisha kitandani na ni mume wangu wa ndoa. Naweza kusema hospitali?

Unaweza, na usingoje. Dawa za kuzuia virusi vya ukimwi zinataka zianzwe ndani ya saa 72, kila saa inayopita zinapungua nguvu. Za kuzuia mimba zinafaa mpaka siku 5, mapema ndo bora. Ukiweza usioge kabla ya kupimwa na nguo zako zitie kwenye mfuko wa karatasi, lakini kama ushaoga nenda vile vile. Mambo ya kesi ni uamuzi wako wa baadae, tiba haingoji kesi.

14. Alinikaba shingo lakini sasa niko sawa, hakuna hata alama.

Dada, hili usilidharau. Aliyekabwa anaweza asiwe na alama yoyote nje na akazidiwa baada ya saa au siku. Sauti ikikauka, kumeza kukiuma, kichwa kikizunguka, macho yakiwa na vidoti vyekundu, au una mimba, nenda hospitali leo hii na useme wazi "nilikabwa", usiseme nilianguka. Na mwanamme aliyewahi kukaba ni katika wale wa hatari kabisa wa kuua baadae, tafiti zimeonesha hivyo. Ukirudi kwake rudi ukilijua hilo, na bora usirudi.

15. Naishi Uzi, njia ikijaa maji sitoki. Wenzangu wako Tumbatu, Kojani, boti hazitembei.

Hapa mpango lazima uwe wa ndani ya kisiwa. Ijue ratiba ya maji kama unavyoijua kwa ajili ya mwani, na akianza dalili zake ondoka na maji kupwa, usingoje usiku. Nyumba zako mbili ziwe hapo hapo kijijini, moja ya mtu asiyemuogopa mumeo. Muuguzi wa kituo cha afya anaweza kukutibu na kuandika alichokiona, hayo maandishi ni ushahidi hata ukivuka baada ya siku tatu. Na shehia za visiwa vidogo ziwe na nahodha mmoja aliyekubali mapema kuvusha mtu wakati wa dharura bila kuuliza maswali.

16. Sheha anataka tusuluhishwe yaishe.

Ugomvi wa maneno unasuluhishwa. Kipigo kinaripotiwa. Sheha kazi yake ni kukufikisha kwenye huduma na kuhakikisha umelala salama, hana mamlaka ya kufuta jinai kwa kikombe cha chai. Akikataa, pita, huhitaji barua yake kwenda Mkono kwa Mkono.

## Yale magumu

17. Akifungwa nani atatulisha, na maji yamechukua kila kitu?

Hatutakudanganya kwamba ni rahisi, wengi wanarudi kwa sababu hii na hatuwalaumu. Kutibiwa na kupata ushauri hakukulazimishi ufikie mahakamani siku hiyo. Kwenda kwa kadhi kudai matumizi ya watoto, kuomba talaka au kufasakhiwa, yaani kadhi aivunje ndoa, ni njia nyengine, haisubiri kesi ya polisi. Na wakati wa maafa kuna jambo moja la haraka: nenda kwa anayeandika orodha ya msaada uombe kadi yako mwenyewe na watoto (swali la 10), kabla hujamwambia mtu mwengine yeyote mpango wako.

18. Kaniacha talaka moja, niko edani, nyumba imezama na tumewekwa darasa moja. Natakiwa nikae naye?

Eda ya talaka rejea asili yake mke anakaa nyumbani wala hatolewi. Lakini imepokewa kwamba Fatima binti Qays aliruhusiwa na Mtume kuhama wakati wa eda kwa kuchelea usalama wake. Khofu ya kupigwa ni udhuru. Omba kulala darasa la wanawake, eda yako inaendelea huko huko, na umpigie kadhi wa wilaya umueleze hali ilivyo ili iandikwe. Asikutishe mtu kwamba ukihama darasa umepoteza haki ya matumizi, hilo ataliamua kadhi, haliamui yeye.

19. Mimi ni mwanamme, nahisi nitampiga. Nifanyeje?

Umefanya vizuri kuuliza. Ondoka sasa hivi, nenda msikitini, nenda pwani, nenda kwa mtu mzima umwambie kwa maneno haya haya uliyotuandikia. Mwambie mkeo kabla, siku mmetulia, kwamba nikitoka ghafla nimetoka ili nisikuumize. Usinywe, usivute kitu. Mshauri wa Mkono kwa Mkono au hospitali anakusikiliza na wewe. Na usimwambie mkeo kwamba yeye ndo anakutia hasira, hapo ndo unapoanza kumpiga.

20. Nimejitolea kambini na namshuku mama mmoja. Nimuulize? Na video ya ugomvi wao nimeirekodi, niitume kwenye grupu?

Usimuulize mbele ya mtoto mkubwa, wala wifi, wala mkalimani wa familia. Kaa naye kwenye kazi, mnachambua mchele, mwambie wanawake wengi wanapata tabu nyumbani siku hizi na kuna pa kwenda, ukitaka nitakupeleka. Kisha nyamaza. Akisema, msikilize bila kumhoji tarehe na sababu, umuulize anataka nini yeye, na umfikishe kwa miguu yako mwenyewe, usimpe namba tu. Asiposema, usimlazimishe, kesho kaa naye tena.

Video usiitume popote. Mume akiiona anajua nani kamuona na usiku ni wa yule mama. Ikiwa itafaa kwa kesi mpe askari wa dawati mkononi baada ya mama kukubali, na kama ushaituma, ifute kwa wote saa hii na mpigie simu kiongozi wa grupu awaombe waliokwisha kuipakua wafute.